Kofia Zilizobaki

...na mashavu yameshaanza kumuuma kwa kutabasamu, mwalimu wa nidhamu, maana yule mwalimu wa Kijapani mwenye kamera ameinua vidole vitatu, akakunja kimoja, akakunja cha pili, kisha akashusha kamera na kuinama kuomba radhi, kuna mtu kafumba macho, na mkuu wa shule naye akainama kujibu, mgeni akainama kwa kuwa ameinamiwa, mkuu hakubali kuzidiwa adabu kwenye uwanja wake mwenyewe, akainama tena, hawa wawili wasipoamuliwa tutalala hapa, na ufunguo ule mfukoni ukamchoma paja, ufunguo wa maabara ya zamani, hapo hapo nyuma ya mistari ya picha, ambamo tangu asubuhi wamefungiwa watoto ambao sare zao hazifai kutazamwa na wageni... kufungiwa si neno zuri, mkuu alisema kikaoni, kwa afisa elimu tuandike wanajisomea, wageni wakiuliza tuseme wanaumwa, na walimu wote wakawa wanachunguza kucha zao, yeye akapewa ufunguo kwa sababu nidhamu ni idara yake, na kwa sababu barua yake ya kuthibitishwa kazini, mkuu alimkumbusha kwa upole kama anayemuulizia hali ya nyumbani, bado iko mezani haijapata saini... wafupi mbele, anasema mkalimani, na wafupi wanasogea na kofia zao nyeupe, zawadi, kila mtoto na yake, wageni waliulizia idadi ya wanafunzi mapema na karani, kwa bahati mbaya mtu mkweli, akawapa idadi kamili, sasa kofia zimebaki sandukuni, na yule msichana wa Kijapani mwenye miwani kauliza hizi ni za nani, mkuu akajibu bila kupepesa, za wagonjwa, kuna homa... homa gani hii inayochagua viatu, na Kidagaa wake, mtoto wa mdogo wake aliyemlea tangu ananyonya, soli ya kiatu chake ilibanduka jana uwanjani, ikawa inapiga makofi kila akikanyaga, pa, pa, wakacheka jikoni mpaka chai ikamwagika, akamwambia kesho kwa fundi, na kesho yenyewe ndiyo hii, kamshika mkono mwenyewe akamwingiza maabara, mtoto akageuka mlangoni, hakununa, alitaka tu kujua asije akakosea akiulizwa:

"Mama mkubwa, mimi naumwa nini?"

Ingia ndani, ndilo jibu alilompa, ingia ndani, kama vile huo nao ni ugonjwa... sasa huyu msichana wa miwani anakwenda wapi, katoka mstarini, kainamia sandukuni, karudi na kofia zilizobaki, kakaa chini mbele kabisa, kazipanga mapajani moja moja, anazikung'uta vumbi ambalo halipo, mkalimani anasema anaomba hizi nazo ziingie kwenye picha, ili wagonjwa wasijione wameachwa, na mkuu kafurahi, kafurahi kweli, masikini, anataka msichana apigiwe makofi, watu wakapiga, mwalimu wa nidhamu naye akapiga, nani angesimama mikono imening'inia, hata afisa elimu kapiga, makofi yakapungua, yakaisha, uwanja ukanyamaza... yote isipokuwa mawili, pa, pa, kutoka nyuma ya ukuta, polepole, kama mtu anayezunguka chumba akihesabu vigae, pa, pa, na mkuu akakohoa kuyafunika, na msichana akainua uso kutoka kwenye kofia akamtazama mwalimu, hakuuliza kitu, aliyeuliza alishauliza asubuhi, akajibiwa ingia ndani... tayari, anasema mkalimani, vidole vitatu vimepanda tena, kila mtu kakaza meno, barua iko mezani na kalamu iko kwa mkuu, na mkono wa mwalimu umeingia mfukoni, ila si kuficha kitu, umeshika kichwa cha ufunguo, meno yake yakitazama mbele, kama anavyoushika mtu aliyekwisha fika mlangoni.