Utumbo wa Mama Mkwe

Mimi si mtu wa kutulia. Mume wangu husema hata nikikaa, mguu mmoja unabaki safarini. Lakini wiki ile nilizidi. Nilikuwa kama niliyekalia siafu, na kosa lilikuwa langu mwenyewe.

Kazi yangu ni kuotesha viutumbo. Daktari akimpima mtu tumbo, anamega kipande kidogo kuliko punje ya mchele, nasi maabara tunakilisha na kukitunza kwenye joto mpaka kiwe vifuko hai, utumbo usio na mwenyewe. Kisha tunavitia kirusi cha kuhara, tuone kinavyoingia. Afadhali kiue vifuko kuliko watoto.

Vifuko vya kila mtu huwekwa kwenye sahani yake, na sahani moja ilikuwa ya mama mkwe wangu. Alipopimwa vidonda vya tumbo alikubali wammege, kisha akawa ananipigia simu kazini kila siku: "Leo tumbo limeninyonga. Mmenifanyia nini huko?"

Utani huo ulificha jambo. Zamani, kabla mume wangu hajazaliwa, ugonjwa huohuo wa kuhara uliingia nyumbani kwake. Wanawe wawili wa kwanza walikufa ndani ya wiki moja. Yeye aliyewaosha na kuwalisha hakuumwa hata kidogo. Mawifi wakaanza: mbona yeye mzima? Maneno hayo yalimkaa moyoni. Tangu hapo hakumlisha mtoto yeyote kwa mkono wake. Mume wangu alilishwa na mama yake mdogo, na mwanangu wa mwaka mmoja, tunayemwita Bwana Mkubwa, bibi alimtazama kwa mbali tu.

"Nataka kujua kwa nini mimi niliachwa," aliniambia alipokuwa anaweka sahihi.

Jumatatu mashine ikanipa jibu. Sahani za wengine zilijaa kirusi, yake sifuri. Utaratibu wetu ni kurudia mara ya pili kabla ya kufungua mdomo. Mimi nikaufungua jioni ileile.

"Mama, hicho kirusi hakipati mlango kwako. Hukumdhuru mtu. Umezaliwa hivyo."

Alilia. Kisha akaenda kunawa mikono, akampakata Bwana Mkubwa na kumlisha uji mpaka akacheua.

Jumanne asubuhi nikafungua daftari. Kila sahani ukishaitia kirusi, unaiwekea alama ya vema. Mbele ya sahani yake hapakuwa na alama. Na tuna chupa mbili zinazofanana, ya kirusi na ya maji matupu ya kulinganishia. Huenda nilimtilia maji! Kama ni hivyo, ile sifuri yangu haikuwa na maana yoyote.

Haraka haraka haina baraka, nilifundishwa kabla sijajua kusoma, na bado. Nikaanza upya, nikasubiri siku tatu. Kabati la joto nililifungua mara nyingi kama mpishi mwoga anavyofunua sufuria. Nyumbani bibi alikuwa anaimba huku analisha, na kila kijiko kilichoingia kwa mtoto kilinichoma mimi. Niliona aibu, niliogopa, na sikusema.

Ijumaa saa nane mchana nikasoma majibu. Safari hii kirusi kilikuwemo, kiasi kilekile nilichotia. Kwa wengine kilikuwa kimezaana maelfu. Kwake hakikuzaa hata kimoja.

Nilifika nyumbani jua bado kali. Mtoto alikuwa mapajani kwake, kijiko mkononi. Nikamweleza yote: alama iliyokosekana, zile chupa, siku tatu za kunyamaza.

"Na kama ingekuwa vingine?"

"Ningekwambia, Mama."

"Nilijua kuna kitu. Tangu juzi unafuta meza iliyokwisha kufutwa." Akacheka kidogo. "Sasa niambie. Utumbo kama huu wangu, mtoto anaurithi?"

"Mpaka aupate kwa mama na kwa baba pia. Akichukua wa baba ulio tofauti, mlango unabaki wazi."

Bwana Mkubwa akakipiga kijiko kwa kiganja, akidai chake.

"Wale wawili walifanana sana na baba yao," akasema. "Kila aliyekuja kuwaona alisema hivyo. Na mimi nilikuwa nafurahi."

Akachota uji, akaupuliza, akamlisha.