Vipande Vilivyokataa Kuoza

Tabea alishika jembe akiwa bado amevaa kitenge cha msiba. Wifi yake, Pudensiana, alimsihi apumzike kwanza, akakataa. Chuo kilitaka majibu wiki ileile, la sivyo utafiti wake ungefungwa. Tena kukaa kitako akilitazama kaburi la mama yake pale nyuma ya jiko kulikuwa kumemshinda.

Utafiti wenyewe ulikuwa wa viriba, vile vifuko vyeusi vya kuoteshea miche ya kahawa, vinavyobaki shambani mpaka wajukuu wanazeeka. Tabea alichukua wanga wa ndizi mbichi, akaubebesha minyororo ya plastiki ya aina inayooza, kama watu wa Meru wanavyobebesha parachichi, shina la huku na kikonyo cha kule. Akapata nailoni yenye rangi ya maziwa. Aliikata vipande, akavifunga uzi na kuvifukia migombani kwa mama yake, juu ya mji mdogo wa Maji ya Chai, kila kimoja na kijiti chake. Visipooza, hana utafiti.

Siku ile ya kuvifukia, mama aliuliza, "Mwanangu, unazika nini?"

"Ni kemia, Mama. Hutaelewa."

Akawasha gari, akarudi zake Sekei, mjini. Shahada zote zile, na mdomo wa kumweleza mama yake hana!

Sasa alifukua shimo la kwanza, akakuta kipande kizima. La pili, kizima. La tatu vilevile. Alikifuta kwa pindo la kitenge akidhani weusi ule ni udongo, lakini weusi haukutoka. Akaketi palepale kwenye majani ya migomba, akalia kwa sauti.

Pudensiana alikuja mbio.

"Wifi, usilie. Mbona Mama aliviokoa?"

"Aliviokoa vipi?"

"Masika yalipoisha alichungulia, akakuta vya kwako vinakatikakatika mkononi. Alilia yule mama! Akasema mwanangu ameaibika, watamfukuza kazi. Akakata viriba vyake vya kahawa kwa mkasi, akavifukia badala yake. Vile vibovu akavichoma moto. Akaniapisha nisiseme." Pudensiana akashusha sauti. "Hata hospitali aliniuliza, Tabea ameshafukua? Amefurahi?"

Tabea alikitazama tena kile kipande cheusi mkononi.

"Kuna kimoja hakukifikia," wifi akaendelea, "kile cha kule chini mferejini. Magoti yalimkatalia."

Tabea aliteremka kwa makalio, akafukua kwa mikono. Akaupata uzi wake, bado una fundo. Ndani ya fundo hamkuwa na kitu, ila udongo mweusi na nyungunyungu mmoja mnene. Alichambua udongo ule wote kwa vidole. Hakikubaki hata kipande cha ukubwa wa kucha.

Furaha ikampanda kichwani. Akapanda mteremko mbio, uzi mkononi, kama alivyokuwa akikimbia na matokeo ya mtihani utotoni.

"Mama! Mama, kimeoza! Kimeoza chote!"

Alikuwa ameshafika mlango wa jiko alipokumbuka.

Pudensiana alimkuta amepiga magoti kaburini, kati ya maua yaliyoanza kunyauka. Alikuwa anaeleza kwa Kimeru, polepole, tangu mwanzo: wanga ni nini, minyororo inashikaje, kwa nini kuoza ndiko kufaulu. Kila baada ya maneno machache alinyamaza kidogo, kumpa mama nafasi ya kuuliza.