Nyekundu Haikuita Radi

Kabla ya mvua ya kwanza, vumbi la Bariadi hutuvika sare. Hupaka bati, hupaka majani, hupaka kope za macho, mpaka mji mzima unafanana na gunia. Mimi nilikataa. Nyeusi, nyeupe, nyekundu: hizo ndizo rangi za harusi yangu, nilisema, na anayetaka krimu akapake ofisi yake.

Thadei, bwana harusi wangu, wewe uliletwa hapa na uhamisho kutoka Moshi, hukujua kwa nini kamati ya harusi ilifunga daftari niliposema nyekundu. Krimu na dhahabu walikuwa wameshazipitisha. Nyeusi ni ya msiba, walisema, lakini nyeusi ingevumilika. Nyekundu, na mvua inabisha hodi, hapana. Kwetu mawingu yakijikusanya watu huanua nguo nyekundu kambani, wakazificha uvunguni. Nyekundu, wanasema, huita radi.

Ndipo nikakuambia habari za mama yangu, Felisita.

Alikuwa shambani kule Zagayu, anapalilia pamba, kitenge chekundu kiunoni. Radi ikampiga. Udongo wa kaburi haujakauka, shangazi Ng'washi alishatoa hukumu: alijitakia. Alijitakia, wakasema kisimani. Alijitakia, wakasema mnadani. Nikakua nikiitwa mtoto wa aliyejitakia, na baba yangu, Mayige, hakufungua mdomo kumtetea. Hilo liliniuma kuliko radi yenyewe.

Lakini siku ile ng'ombe wawili nao walikufa palepale, Thadei. Mmoja mweusi, mmoja mweupe. Nani aliwavika kitenge? Nyeusi ilikufa, nyeupe ilikufa, nyekundu ikabebeshwa lawama peke yake. Hizo ndizo rangi zangu. Sikuziokota kwenye simu.

Nikashona mwenyewe, maana cherehani ndiyo kazi yangu. Mapazia meusi kama udongo wa mbuga. Vitambaa vya meza vyeupe kama pamba iliyopasuka. Na nyekundu, nyekundu isiyoomba radhi: gauni langu, utepe wa kila kiti, kitambaa cha bega kwa kila mgeni. Wakasema nitaua watu. Wakasema nina kichwa kigumu, na hapo hawakukosea. Wewe ulijaribu tai yako nyekundu mbele ya kioo, ukaniuliza kama imekaa vizuri. Nilikupenda upya siku hiyo.

Siku ya harusi shangazi alikuja. Kitambaa chake alikikunja, akakikalia.

Tukiwa katikati ya zawadi, mawingu yakaja kutoka upande wa ziwa. Ngurumo moja tu, na vitambaa vikaanza kushuka mabegani, vikaingia mikobani, vikaingia chini ya viti, vikaingia ndani ya makoti. Nyekundu yangu ikazimika meza baada ya meza. Kisha wote wakanitazama mimi, maana gauni halifichiki mkobani.

Niliogopa, sikufichi. Ukanishika mkono, nikabaki nimesimama katikati ya turubai, nikasema moyoni: kama radi inanitafuta, jina langu inalijua. Haihitaji kitambaa.

Mvua ikashuka. Ikapiga turubai, ikapiga bati za majirani, na lile vumbi lililotutawala likatiririka mitaroni likiwa tope. Bati zikabaki na rangi zake, majani yakabaki na rangi zake.

Ndipo baba akainuka. Begani kwake kitambaa hakikuwa kimeshuka. Akainama na fimbo yake, akaokota kingine alichokitupa jirani, akakiweka juu ya kile cha kwanza. Akatembea polepole kupita meza ya dada yake, akaja akasimama upande wangu wa pili. Mzee yule aliyenyamaza utoto wangu wote aliwatazama wageni, akasubiri ngurumo ipite. Hakupaza sauti.

"Mke wangu alikuwa analima," alisema. "Basi."