Soksi ya Jumanne

Watu wa Sironga husema mimi, Machogu, nina hasira za karibu. Sikatai. Lakini hebu uwe na gari linalokunywa maji kuliko ng'ombe wawili wa gredi, na chini halidondoshi hata tone, ndipo uje uniambie nitulie.

Gari lenyewe ni stesheni wagoni ya namba za zamani za KAA. Nililinunua nikiwa karani wa kituo cha majani chai. Siku hizi kazi yake ni moja tu: kila Jumanne kumpeleka mke wangu, Nyanchoka, kliniki ya mazoezi mjini Kisii. Kiharusi kilimwangusha mwaka juzi, jikoni, akisonga ugali. Upande wote wa kushoto ukalala. Mkono umerudi kidogo, mdomo umerudi wote pamoja na maneno yake yote, lakini mguu ulibaki kama si wake. Anautembeza kwa fimbo, ila hausikii kitu. Kemuma, binti anayemfanyisha mazoezi, humgusa unyayo kwa ncha ya sindano na kumuuliza, "Unasikia, mama?" Kila Jumanne jibu lilikuwa lile lile. "Sisikii."

"Msikose hata wiki moja," Kemuma alituonya. "Mguu ukikaa bila kazi, utasahau kabisa." Sasa, pikipiki Nyanchoka hawezi kupanda, na makanga wa matatu za huku kwetu hawana subira ya kumngoja mtu anayechukua dakika tano kuinua mguu mmoja. Bila gari hakuna Kisii, na bila Kisii hakuna mguu.

Shida ilianza na mvua za Aprili. Tukiwa tunarudi, tukianza tu kupanda kuelekea Nyamira, mshale wa joto nao unapanda. Nafungua boneti, rejeta haina maji. Naijaza kwa jerikeni, tunafika nyumbani. Jumanne ijayo, vile vile. Juu ya hayo, kioo cha mbele kilikuwa kinashika ukungu ambao haupangusiki. Naupangusa, unarudi, naitukana mvua, naupangusa tena.

Halafu nikafanya ujinga. Sokoni Nyamache, muuza ndizi mmoja aliniapia kwamba unga wa wimbi huziba tundu lolote la rejeta. Nikamimina nusu kilo. Osoro, fundi wangu wa Nyamira, alipofungua kifuniko akakuta kitu kizito, cha kahawia, kinatoa mapovu.

"Baba Job," akaniita kwa jina la mwanangu, "huu uji umekosa sukari tu."

Gereji nzima ilicheka. Nilipomsimulia Nyanchoka alicheka hadi akashika mbavu, akauliza kama nimembakishia kikombe. Mimi sikuona cha kuchekesha.

Osoro aliisafisha ile rejeta mpaka maji yakatoka meupe. Akabadilisha kifuniko, akakaza klipu zote, akapapasa pampu ya maji, kisha akatandaza maboksi chini ya injini na kuiacha iungurume saa nzima. Tukachutama wawili tukichungulia yale maboksi kama watu wanaongoja kuku atage. Makavu kabisa!

"Hayatoki nje," Osoro akasema. "Basi yanaunguzwa ndani. Hii ni gasketi, ama silinda hedi imepasuka."

"Moshi mweupe uko wapi?" nikamuuliza. "Oili imegeuka maziwa? Si umeiangalia mwenyewe?"

"Oili ni safi. Lakini maji hayana mabawa, mzee."

"Na fundi hana akili!"

Nilisema hivyo mbele ya watu, na nilikosea. Osoro alifuta mikono yake, akanieleza polepole kwamba injini ya umri ule ukiifungua huenda usiifunge tena, maana vipuri vyake haviuzwi siku hizi. Aliniambia nifikirie.

Nilirudi nyumbani nimefura. Nikampigia simu Ondieki, yule wa vyuma kuukuu, tukakubaliana aje Jumatano kulichukua gari. Nyanchoka alikuwa amekaa hapo hapo akichambua mboga kwa mkono mmoja. Alisikia kila neno.

"Basi Jumanne ni ya mwisho," akasema. "Nitamuaga Kemuma vizuri, ametuvumilia."

Afadhali angenigombeza. Nilitoka nje, nikaingia katikati ya migomba nikajifanya nakata majani makavu, na huko nikalia, mtu mzima wa miaka sitini na minane.

Jumanne asubuhi nikamkuta Osoro langoni na mfuko wake wa spana.

"Umefuata nini?" nikamuuliza.

"Nimekuja kupanda na nyinyi. Hili gari kwangu halijawahi kuchemka, huchemka kwenu tu. Nataka kuona mnalifanyia nini."

Nilikuwa karibu kumfukuza. Nyanchoka akaniita kutoka kiti cha mbele. "Baba Job, mgeni asimamishwe langoni? Mfungulie mlango. Na umpe hii chupa ya chai aishike, huko nyuma kuna nafasi."

Tukaondoka. Nikafungulia hita, kama ninavyofanya kila Jumanne, kwa sababu tangu augue Nyanchoka husikia baridi sana mgongoni na kifuani. Mimi hita hainihusu, nikiwa peke yangu huizima, maana natoka jasho hata Julai. Hatukufika mbali kioo kikaanza ukungu wake. Nikapangusa. Nikatukana. Osoro alikuwa kule nyuma, amekumbatia chupa, akiutazama mshale wa joto juu ya bega langu.

Tulikuwa tunateremka kati ya mashamba ya chai Nyanchoka alipogeuka kunitazama.

"Baba Job, chai inamwagika."

"Chai gani?"

"Ya chupa. Inanimwagikia mguuni, tena ina moto."

"Chupa ninayo huku, mama," Osoro akasema. "Imefungwa."

Nikainama kidogo nikautazama mguu wake wa kulia. Ulikuwa mkavu, kiatu na soksi. "Haujalowa. Wapi?"

"Yaya, hapana, si huo," akasema. "Ni huu mwingine."

Nilikanyaga breki hata Osoro akagonga kiti changu kwa paji la uso. Nikalisukuma gari pembeni ya barabara, nikazunguka mbio mpaka upande wake, nikaufungua mlango.

"Mguu upi? Mama Job, sema tena, mguu upi?"

Na yeye alikuwa anautazama kana kwamba ndio kwanza wamekutana. Akajipiga paja la kushoto. "Huu. Ni maji ya moto. Nayasikia."

Nikapiga magoti kwenye tope. Kiatu kilikuwa kimelowa, soksi imelowa chepechepe. Soksi ile! Tangu Aprili, kila tukirudi kutoka Kisii, mimi ndiye ninayemvua ile soksi, naikamua, naitundika karibu na jiko, nikinung'unika juu ya nyasi zetu zenye umande. Miezi mitatu nashika maji ya rejeta kwa mikono yangu mwenyewe na kuyaanika! Lo, nikatamani kujizaba kofi.

Osoro alikuwa amejipenyeza kati ya viti, mkono umezama chini ya dashibodi. Akautoa unadondosha maji.

"Hita!" akapiga kelele. "Ni kirejeta cha hita! Ukija kwangu umeizima, maji hayafiki huku, nami nakaa nachungulia maboksi! Yanavujia kwenye kapeti, na mvuke wake ndio huo kwenye kioo. Mzee, hukuwa ukipangusa ukungu, ulikuwa ukipangusa injini!"

Akashuka akawa anarukaruka barabarani. Mimi sikumjali. Nilikuwa nimeivua ile soksi na kuushika mguu wa mke wangu kwa mikono miwili. Wachuma chai walisimama wakitutazama, wakidhani tumepatwa na msiba.

Nikambana kidole kidogo. "Unasikia?"

"Wewe! Unaniumiza!"

"Na hapa kisigino?"

"Hapo bado."

"Na hapa?"

"Baba Job, niachie vidole vyangu," akasema, huku anacheka na machozi yanamtiririka. Nami nilikuwa nalia, na safari hii sikutafuta migomba ya kujifichia. Nyasae, Mungu wetu, alikuwa ametuona.

Injini ilipopoa, Osoro alifungua mipira miwili inayopeleka maji kwenye hita, akaiunganisha yenyewe kwa yenyewe kwa kipande cha bomba, akakaza klipu. Tukajaza rejeta, tukaiwasha injini, tukangoja. Nusu saa nzima maji hayakushuka hata upana wa kidole.

"Osoro," nikamwambia, "lile neno la akili. Nisamehe."

"Nilikusamehe siku ya uji," akasema. "Hata mimi nilisema gasketi."

Nikampigia Ondieki. "Kesho usije."

"Umepata mwingine anayekupa zaidi?"

"Nimepata mguu," nikamwambia, nikakata simu. Sijui alielewa nini, na sikujali.

Osoro akaja dirishani akifuta mikono. "Kuna kitu kimoja, mama. Nimeikata hita. Mpaka nikupatie kirejeta kingine, humu hakuna joto. Huo mguu hauna soksi, utasikia baridi."

Nyanchoka alikuwa ameukanyagisha ule mguu mtupu kwenye kapeti lililolowa, anachezesha kidole kidogo.

"Wacha niisikie," akasema. "Twendeni, Kemuma ananingoja na sindano yake."