Mama Funguo

Wageni kutoka Laela walifika nyumbani kwetu Katandala Jumamosi saa nane mchana, wakakuta televisheni inawaka. Hilo halikutokea kwa bahati. Binti yangu Epifania ndiye aliyewapangia saa ya kuja, na aliichagua hiyo kwa sababu ndiyo saa ya marudio ya tamthilia ya Kituruki ambayo siku nyingine huonyeshwa usiku.

Walikuja kumposa mjukuu wangu Coleta. Baba yake, mwanangu, yuko Kasanga kwenye mizigo ya maboti, na shauri hili aliliacha mikononi mwangu. Coleta ni muuguzi katika zahanati moja hapa mjini. Kazi hiyo aliisomea kwa shida na anaipenda. Kijana anayemtaka, Suma, wazazi wake walihamia huku kutoka Mbeya. Mama yake hununua mahindi Laela na ana ghala kando ya barabara ya Tunduma. Tulikuwa tumesikia kwamba mama huyo anatafuta mkamwana wa kukaa ghalani. Basi tulitaka kujua jambo moja tu. Coleta akiolewa, ataachiwa kazi yake, au atapelekwa kupima magunia?

Swali kama hilo haliulizwi siku ya posa. Nyumbani kwetu mgeni hasemeshwi habari iliyomleta mpaka ale na kunawa. Na akiulizwa baadaye, mbele ya mshenga, atajibu yale yanayofaa kujibiwa.

"Siku ya posa kila mtu ni malaika," Epifania aliniambia. "Waache kwanza watazame, baba. Mtu akizungumzia watu wa kwenye televisheni husahau kujichunga."

Sikupinga. Mimi tamthilia huitazama kwa ajili ya Kiswahili chake, maana wanaoweka sauti huchagua maneno kwa uangalifu kuliko watangazaji wa mpira. Kisa chenyewe nilikijua, kama kila mtu mtaani kwetu. Kuna mama mmoja tajiri anayebeba funguo zote za nyumba kiunoni. Jina alilopewa na waandishi hakuna anayelikumbuka. Huku kwetu anaitwa Mama Funguo. Mke wa mwanawe ni mwalimu. Ili asirudi kazini, Mama Funguo alichukua vyeti vyake akavifungia kabatini. Katika sehemu iliyorudiwa siku ile, mke yule alichukua shoka, akalipasua kabati, akatoa vyeti vyake na kuondoka.

Mama Suma, ambaye jina lake ni Atupele, alikaa kwenye kiti kikubwa, kajitanda kitenge juu ya sweta, maana upepo wa Julai haukuwa na huruma. Suma alikaa karibu naye. Mshenga wao, Herman, alikuwa na jembe jipya lililofungwa kitambaa cheupe, akaliegemeza magotini. Jembe hilo binti akilipokea na kuliingiza ndani, kwetu posa imekubaliwa.

Mke wa kwenye tamthilia alipoinua shoka, Epifania aliongeza sauti.

"Huyu naye," alisema, kama anayejisemea. "Kabati la mninga lile. Si angeomba tu?"

"Aombe mara ngapi?" Mama Suma alisema. "Ameomba tangu mahindi yako shambani."

"Kumbe unaifuatilia, Mama Suma."

"Dada, hata Laela umeme upo."

Herman alicheka. "Mimi namtetea mwenye nyumba. Kabati la watu halipasuliwi. Leo kabati, kesho atapasua nini, paa?"

"Wewe Herman kabati lako lina nini zaidi ya panya?" Epifania alimwuliza.

"Panya na heshima yangu."

"Vyeti ni vya nani?" Mama Suma aliendelea, na sauti yake ilikuwa thabiti. "Ni vya yule binti. Anayeficha mali ya mtu ni mwizi, hata kama kabati ni lake. Mimi ningempa shoka kwa mkono wangu. Mtoto wa watu amesoma, unamfungia elimu yake kabatini kama sukari?"

Epifania alinitazama. Niliona mabega yake yameshuka, kama mtu aliyetua ndoo. Akainuka kwenda kuangalia samaki wa migebuka jikoni, na nadhani alimwambia Coleta, kwa sababu nilisikia kicheko.

Tulidhani jambo limekwisha. Suma, aliyekuwa kimya akitafuna karanga, alipoona watu wamechangamka naye akachangamka.

"Mimi naona mume anaonewa," alisema. "Watu wanamtukana mpaka mitandaoni. Kosa lake nini? Yeye hakufungia kitu."

"Ufunguo alijua uko wapi," Herman alisema. "Alikuwa anauona kila asubuhi kiunoni kwa mama yake."

"Aliuona, sawa. Sasa ashindane na mama yake? Mama ni mama. Yule mke amekosa subira tu. Mume angengoja mama apoe, mambo yangekwisha yenyewe."

Wakati huo Coleta alikuwa ameshaingia na jagi na beseni. Alimnawisha Mama Suma kwanza, kisha mimi, kisha Herman. Alipofika kwa Suma alimimina maji taratibu.

"Na asipopoa?" aliuliza.

Suma alitabasamu. "Nani?"

"Mama Funguo. Asipopoa?"

"Atapoa tu. Wazazi hupoa."

"Kwa hiyo mume angengoja mpaka lini?"

"Si mpaka apoe," Suma alijibu, akikung'uta maji mikononi. Macho yake yalikuwa kwenye televisheni, ambako basi lililombeba mke wa watu lilikuwa linapotea nyuma ya kilima.

Coleta akampa taulo. Mama Suma hakuwa akitazama televisheni tena. Alimtazama mwanawe kama mtu anayemwona ng'ombe wake akiingia shamba la jirani, naye yuko mbali mno kumzuia.

Tulikula. Baada ya chakula televisheni ilizimwa, na Herman akasema maneno ya posa vizuri, bila kurudia rudia. Nikamwita Coleta, nikamwuliza kama inavyopasa, jembe tulipokee au tusilipokee.

"Babu, sikatai," alisema. "Lakini likae barazani kwanza. Tungoje."

"Tungoje nini, mjukuu wangu?"

"Suma anajua kungoja. Tungoje naye."

Suma aliinamisha kichwa. Herman alitoka nje na jembe, akaliegemeza ukutani. Mlangoni, wakati wa kuagana, Mama Suma alimshika Epifania mkono.

"Dada, mtihani wako niliujua tangu ulipoongeza sauti," alisema. "Mimi nimejibu vizuri. Mwanangu ndiye hakujua kama yuko kwenye chumba cha mtihani."

Epifania aliwatakia safari njema. Mimi mitihani niliifanya ukubwani, jioni, kwa taa ya chemli, pamoja na watu wenye mvi. Najua kwamba aliyejibu vizuri na anayeamini alichojibu si lazima wawe mtu mmoja.

Jembe lilikaa barazani. Kitambaa chake kikashika vumbi. Waliopita waliliona, na mtaa ukagawanyika kama ulivyogawanyika kwa kabati la Mama Funguo. Wengine walisema Coleta ana maringo, mume mwenye ghala haachwi kwa sababu ya tamthilia. Wengine walisema yeye ndiye pekee aliyeitazama vizuri. Coleta alikwenda zamu zake na kurudi, akilipita jembe bila kuligusa.

Jumapili moja, watu wakitoka misa, Suma alikuja peke yake kwa pikipiki. Vumbi lilikuwa limemjaa mpaka kwenye nyusi. Aliniamkia shikamoo, nikaitika, nikamwonyesha kiti. Hakukaa. Alimngoja Coleta, na alipofika alizungumza naye palepale barazani, mbele yangu.

"Nimemwambia mama," alisema. "Utabaki zahanati. Tutapanga nyumba hapa mjini, mimi nitakuwa nashuka Laela kwa kazi na kurudi. Ghalani atafute mtu mwingine."

"Ulimwambia lini?"

"Alhamisi."

"Amepoa?"

"Hajapoa," Suma alisema. "Hanisemeshi. Leo nimeondoka bila hata kuagwa."

Coleta alisogea ukutani. Kisha akainama, akalichukua jembe, akakung'uta vumbi la kitambaa kwa kiganja, akaingia nalo ndani.