Mtungi Mmoja wa Kuazimisha

"Nne!" binti wa mazoezi ya viungo alihesabu, na fundi akageuka kwenye koni ya plastiki mwisho wa korido ya kliniki kama mtu aliyesukumwa.

Hili lilikuwa jaribio la pili. La kwanza alitembea dakika sita bila mtungi, akaishia raundi ya kumi na mbili, midomo imebadilika rangi. Sasa mpira wa oksijeni ulikuwa puani na mtungi ulimfuata kwenye kigari, gurudumu moja likilia. Sharti lilikuwa fupi. Ukizidisha raundi za kwanza kwa mtungi, hewa yake inakusaidia, unaondoka nao nyumbani. Usipozidisha, anajaribiwa anayefuata. Kliniki ilikuwa na mmoja tu wa kuazimisha.

Aliyefuata alikuwa mwalimu mstaafu, mama mwembamba. Alikaa kwenye benchi kashika magoti, anapuliza pumzi kama anayepoza chai.

"Nilikuambia ile ya kwanza ujikokote," mke wa fundi alinong'ona mumewe alipompita. "Ujifanye gari bovu."

"Mimi ni gari bovu," akajibu, maneno yakitoka moja moja. "Nijifanye nini tena?"

Mwalimu akacheka, kikohozi kikamkatisha.

Miaka thelathini fundi alichomelea mageti, uso ndani ya moshi, barakoa imetundikwa msumarini. Siku hizi kutoka kitandani hadi mlangoni alipumzika mara mbili. Karakana ilikuwa juu ya mlima mdogo, na yeye hakuwa mtu wa kukaa. Nyumbani alihesabu mabati ya paa, akagombana na redio, akafungua na kufunga kitasa kisichokuwa na tatizo. Alitaka kuupanda ule mlima. Basi.

Kumi na mbili. Kumi na tatu. Kifua kiliwaka, lakini miguu ikazidi kwenda. Kumi na tano.

"Muda!" Binti aliandika huku anatabasamu. "Umezidisha tatu, fundi. Mtungi ni wako."

Mkewe alipiga makofi.

Fundi aliuvua mpira puani, akauegemea mtungi akihema. Mkono wenyewe ukaenda shingoni mwa mtungi, kama ulivyozoea kufunga gesi kila jioni kazini. Koki ilikuwa imefungwa, imekazwa kabisa. Mshale wa geji ulilala kwenye sifuri. Binti alikuwa amesahau kuifungua. Raundi zote zile alizitembea kwa hewa ya korido.

Hakuna mwingine aliyeona. Binti bado alikuwa anaandika.

"Twende, baba watoto," mkewe alisema, tayari kashika mpini wa kigari. "Kabla hawajabadili mawazo."

"Subiri."

"Nisubiri nini?"

Aliutazama mlango wa kutokea, kisha benchi. Mwalimu alikuwa bado anapoza chai yake isiyokuwepo.

Fundi akazungusha koki. Mshale ukaruka, na ule mpira uliokuwa unaning'inia ukaanza kuvuma, sauti nyembamba iliyosikika korido nzima. Kalamu ya binti ikasimama. Mwalimu akainua kichwa.