Utepe Ulisema Kijani

Miaka kumi na minne napima watoto, na bado kila asubuhi lazima nigombane na mtu kuhusu sweta. Utepe wa kupimia lishe unazungushwa kwenye mkono mtupu wa kushoto, katikati ya bega na kiwiko. Si juu ya sweta, wala hauvutwi mpaka rangi nzuri ipatikane. Nyekundu ni hatari, njano ni tahadhari, kijani nenda nyumbani. Watu wazima tunashindwa na rangi tatu!

Siku hiyo nilichoka kabla hata foleni haijajipanga. Muuguzi mwenzangu kaomba ruhusa, na mkuu wa kliniki anataka orodha ya watoto waliopona utapiamlo kabla ya saa sita. Ndipo mdogo wangu akapenya mbele ya watu wote, mwanawe begani, anatabasamu mpaka jino la mwisho.

"Dada, mpime upesi. Ameongezeka huyu!"

"Foleni huioni?"

"Foleni ya nini, na wewe ni dada yangu?"

Akina mama wakaguna. Nikameza hasira, nikampima mtoto ili mama yake aniondokee. Utepe ukasema kijani, sentimita kumi na tatu. Mzani ukaonyesha gramu mia tisa zaidi ya wiki mbili zilizopita, alipokuwa njano.

"Mmeona?" akawageukia wenzake. "Mnono!"

Nilishainua kalamu niandike amepona. Orodha ya mkuu ingepata jina moja zaidi na mimi ningepumua. Kisha nikaona mtoto amepandishwa mzanini na viatu.

"Vua viatu! Mara ngapi nitasema?"

"Havitoki, dada. Vinambana. Na nilimnunulia juzi tu."

Nikavivuta mwenyewe, kwa jazba. Mtoto hakulia, alinitazama tu. Kwanza hilo lilinikera, kisha likanitisha. Mtoto wa miaka miwili hatulii namna ile akivutwa mguu na mtu aliyenuna.

Kiatu kikatoka. Mkanda wake ulikuwa umechimba mfereji juu ya mguu. Nikabonyeza kwa kidole gumba, nikahesabu mpaka tatu, nikaachia. Shimo likabaki pale pale, kama kwenye unga uliokandwa. Mguu wa pili vivyo hivyo.

"Huu si unono," nikasema. "Ni maji. Mwili unavimba kwa kukosa lishe. Miguu yote miwili ikivimba hivi, utepe hata useme kijani, mtoto tunamhesabu nyekundu. Anakula?"

Tabasamu likamtoka.

"Hali. Jumapili nilikuja kwako nikakwambia hali, na uso umejaa. Ulikuwa unafua, hata hukugeuka. Ukasema ananenepa, nisikuletee kisirani siku yako ya kupumzika. Nikakuamini, dada."

Nilitaka kufoka. Nikatafuta mtu wa kumfokea chumba kizima, sikumpata.

Nikachukua fomu ya kumpeleka hospitali. Mstari wa tano unauliza nani alimwona mtoto mara ya mwisho, na alishauri nini. Wauguzi wengi huuruka, na mimi huwarudishia fomu zao kwa maneno makali. Niliujaza: jina langu, na maneno yangu ya Jumapili.

"Umeandika nini?" mdogo wangu akauliza, akiwa amembana mtoto kifuani.

Nikamsomea kwa sauti, foleni nzima ikisikia.